Maradhi Yasiyotibiwa: Uchambuzi wa Kisa cha 31 katika Gombo la Edwin Smith

Kisa cha 31 katika Gombo la Edwin Smith, maandishi ya utabibu ya Misri ya kale, ni kifupi. Tabibu anaelezwa kwamba akimchunguza mtu aliyeteguka pingili ya shingo, atamkuta hana habari na mikono yake miwili wala miguu yake miwili. Uume wake umesimama. Mkojo unamdondoka pasipo yeye kujua. Nyama ya mwili wake imeingiwa na upepo. Na macho yake yote mawili yamewiva damu. Chanzo cha hayo, yanasema maandishi, ni kuteguka kwa pingili ya shingo, dhara linalofika hadi kwenye uti wa mgongo, na ndilo linalomfanya asiitambue mikono na miguu yake. Inaongezwa sentensi moja kuhusu pingili ya katikati, nayo tutairudia. Kisha inakuja hukumu: haya ni maradhi yasiyotibiwa. Hakuna dawa iliyoandikwa baada ya hapo, hakuna bandeji, hakuna asali, wala agizo la namna ya kumlaza.

Wengi wanaoandika juu ya utabibu wa Misri ya kale huvutwa na dawa zake: asali, mafuta, mimea, samadi na hirizi. Mimi naona kisa hiki kisicho na dawa kinatuonesha fikra za tabibu wa Misri kwa uwazi kuliko visa vingi vyenye tiba, kwa kuwa hapa hana dawa ya kujifichia. Amebaki na macho yake, mikono yake na uamuzi wake.

Gombo hilo la mafunjo lilinunuliwa Luxor mwaka 1862 na Mmarekani Edwin Smith, ambaye jina lake limebaki nalo hadi leo. Baada ya kifo chake binti yake alilikabidhi kwa chama cha historia cha New York, na mwaka 1930 James Henry Breasted wa Chuo Kikuu cha Chicago akachapisha tafsiri yake ya kwanza kamili pamoja na maelezo marefu. Sasa limehifadhiwa katika taasisi ya New York Academy of Medicine. Lina urefu wa mita 4.68. Limeandikwa kwa hieratiki, yaani mwandiko wa mkato wa Kimisri unaokwenda kutoka kulia kwenda kushoto, kwa wino mweusi na mwekundu. Nakala tuliyo nayo ni ya karibu mwaka 1600 KK, lakini matini inaonekana kuwa ya zamani zaidi, kiasi kwamba baadhi ya maneno yake yalikwisha kuwa magumu na yakahitaji kuwekewa ufafanuzi. Ufafanuzi wa namna hiyo uko 69. Wapo wanaodai kwamba mwandishi wa kwanza alikuwa Imhotep, waziri wa Farao Djoser. Breasted mwenyewe aliigusia dhana hiyo, ila hakuna ushahidi unaoifunga, na uchambuzi huu hauihitaji.

Upande wa mbele wa gombo una visa 48, karibu vyote vikiwa vya majeraha, vilivyopangwa kuanzia utosini kushuka chini: fuvu, paji la uso, pua, taya, koo, shingo, mabega, kifua, hadi mgongoni, ambako mnakili aliacha kazi katikati ya sentensi. Kila kisa kina mwili wa aina moja: jina la jeraha, uchunguzi, utambuzi, hukumu, tiba ikiwa ipo, na ufafanuzi wa maneno. Kwa hiyo Kisa cha 31 hakimsimulii mgonjwa mmoja mwenye jina na kijiji chake. Ni kielelezo, mgonjwa aliyefinyangwa kutokana na wagonjwa kadhaa, na kinamhusu kila atakayeletwa akiwa katika hali hiyo.

Tuanze na uchunguzi. Jambo la kwanza linalotajwa ni kwamba mgonjwa hana habari na mikono wala miguu. Neno hilo linabeba kupooza na pia kufa ganzi. Mtu hawezi kuvisogeza viungo wala hajui kama ni vyake. Mikono kutajwa pamoja na miguu ndiko kunakolipa jeraha mahali pake. Mtu aliyeumia mgongo kifuani au kiunoni hupoteza miguu na kubaki na mikono. Akipoteza vyote vinne, jeraha liko juu, shingoni. Leo tunaeleza kwamba ndani ya mfereji wa pingili hupita ugwe wa mgongo, ambao ndani yake neva huchukua amri kutoka kwenye ubongo na kurudisha hisi kutoka mwilini, na pingili ikihama shingoni ugwe huo hubanwa au kukatika, na kila kilicho chini ya hapo hubaki bila mawasiliano.

Dalili ya pili, uume kusimama, humshangaza msomaji asiye tabibu, tena huenda akaiona ni upuuzi wa watu wa kale. La hasha. Ni dalili inayojulikana vyema katika majeraha mabaya ya ugwe wa mgongo, na watoa huduma ya dharura wa siku hizi hufundishwa kuitazama kwa mtu asiyeweza kueleza kilichomsibu. Haina uhusiano wowote na matamanio. Neva zinazobana mishipa ya damu zimekosa amri kutoka juu, mishipa imelegea, damu imejaa na haina wa kuizuia. Ufafanuzi ulio chini ya kisa unaongeza kwamba uume hubaki hivyo hivyo, hauwezi kushuka wala kuinuka zaidi. Mtu aliyeandika hayo alikwisha kuitazama hali hiyo zaidi ya mara moja, na hakuona haya kuinukuu.

Mkojo unaodondoka nao una maelezo yake. Kibofu kilichokatiwa mawasiliano hakijui kujifungua; hujaa mpaka kikafurika, na mkojo ukatoka matone kwa matone. Gombo halisemi tu kwamba mkojo unatoka, linasema unatoka bila mwenyewe kujua, na ufafanuzi unarudia kuwa hawezi kuuzuia. Hapo tabibu ametenganisha mambo mawili ambayo mtu wa haraka angeyachanganya, yaani kushindwa kujizuia na kutohisi kwamba kuna kitu kinatoka.

Nyama kuingiwa na upepo ni usemi mgumu zaidi. Msomaji wa leo hufikiria tumbo lililojaa gesi, kwa sababu matumbo hulegea na kusimama kufanya kazi baada ya jeraha la namna hii, nami naona maelezo hayo yanaingia vizuri. Macho kuwiva damu huenda kukatokana na kulegea kule kule kwa mishipa ya damu, au kukatokana na kishindo chenyewe kilichoiumiza shingo. Sioni haja ya kulazimisha kila dalili ya gombo ipate jina katika vitabu vya sasa. Tatu za kwanza zinatosha kabisa kumtambulisha mgonjwa huyu kwa daktari yeyote wa leo.

Sasa ile sentensi ya ziada. Maandishi yanasema kwamba ikiwa iliyoteguka ni pingili ya katikati ya shingo, kinachompata mgonjwa ni kutokwa na manii. Kama tofauti hiyo ni sahihi kitabibu ni jambo jingine, na mimi nisingeitegemea kupima mahali pa jeraha. Lakini tazama ni kitu gani kinachohitajika ili mtu aandike sentensi kama hiyo. Anahitaji kuwa ameona shingo zilizoteguka zaidi ya moja. Anahitaji kuwa amezipapasa akajua ipi imehama. Kisha anahitaji kuwa amekumbuka, au ameandika, mgonjwa yupi alikuwa na dalili ipi, na kuzilinganisha. Asiyekuwa na kumbukumbu za kulinganisha hawezi kutoa kanuni yenye neno "ikiwa" ndani yake. Kwangu hiyo ndiyo sentensi yenye uzito kuliko zote katika kisa hiki, hata kama itakuja kuonekana kwamba mwandishi alikosea kuhusu pingili yenyewe.

Uzito huo unazidi tunapokisoma kisa pamoja na majirani zake, kwa maana majeraha ya pingili za shingo yanaanzia Kisa cha 29 hadi cha 33. Katika cha 29 kuna jeraha lililo wazi lililofika kwenye mfupa na kuitoboa pingili, na mgonjwa hawezi kutazama mabega wala kifua chake. Cha 30 ni shingo iliyoshtuka bila pingili kutoka mahali pake. Mgonjwa anaambiwa atazame mabega yake mawili na kifua chake, naye hufanya hivyo kwa maumivu. Katika cha 32 pingili imesogea, uso umekazana na shingo haigeuki, ila viungo havikupooza. Cha 33 ni pingili iliyozama ndani ya mwenzake kwa mtu aliyeanguka kichwa chini. Huyu hasemi, na hana habari na mikono wala miguu yake.

Visa vitano, shingo moja, na hukumu zinatofautiana. Gombo lina hukumu za aina tatu: maradhi nitakayoyatibu, maradhi nitakayopambana nayo, na maradhi yasiyotibiwa. Shingo iliyoshtuka inatibiwa kwa kufungwa nyama mbichi siku ya kwanza, kisha asali kila siku mpaka mgonjwa apone. Iliyosogea bila kupooza nayo inatibiwa, na mgonjwa anaambiwa akae. Iliyo na jeraha wazi ni ya kupambana nayo, na baada ya siku ya kwanza mgonjwa anapaswa kufungwa kwenye nguzo zake za gatini hadi muda wa jeraha upite. Huo ni usemi wa watu wa Nile, wenye kufunga majahazi kila siku, na ufafanuzi mahali pengine katika gombo unaeleza kuwa maana yake ni kumwacha mgonjwa aendelee na chakula alichokizoea bila kumpa dawa. Zilizo na kupooza kwa viungo vinne, ya 31 na ya 33, hazitibiwi.

Kinachotenganisha makundi hayo ni kupooza na kufa ganzi, wala si ukubwa wa jeraha kwa macho. Kwa kweli Kisa cha 31 hakitishi sana kwa nje. Ufafanuzi wake unasema waziwazi kwamba pingili zimeachana huku nyama iliyo juu yake ikiwa nzima. Mtu mwenye shimo shingoni linaloonesha mfupa anapewa nafasi ya kupambaniwa, na mtu ambaye ngozi yake haina mkwaruzo anaachwa. Ndugu wa mgonjwa waliosimama pembeni wangeona kinyume. Tabibu alikwisha kujifunza kwamba kipimo cha hatari kiko mbali na mahali palipoumia, huko kwenye vidole vya mikono na miguu. Somo hilo hilo limo katika visa vya fuvu la kichwa, ambako aliyevunjika fuvu bila jeraha la nje anaelezwa kuburuta mguu akitembea.

Jambo jingine dogo linaonekana tu ukivisoma visa hivi sambamba. Katika cha 29, cha 30 na cha 32 kuna habari ya kutazama mabega na kifua. Katika cha 31 hakuna. Inawezekana mwandishi aliliacha kwa kuwa halikuwa na maana kwa mtu aliyepooza. Inawezekana pia kwamba alijua kuigeuza shingo ya namna hiyo ni kumalizia kazi iliyoanzwa na ajali. Gombo halisemi, nami siwezi kulisemea, ila nadhani pamoja na hukumu ya kutotibu jambo hili lina maana yake. Kwa sababu ni lazima tukumbuke kwamba mwandishi huyu alijua kurudisha viungo vilivyoteguka. Katika Kisa cha 25 anaeleza namna ya kurudisha taya: vidole gumba ndani ya mdomo, vidole vingine chini ya kidevu, kisha kusukuma mpaka taya likae mahali pake, na njia hiyo haijatofautiana sana na inayotumika hospitalini hadi leo. Katika Kisa cha 34 anarudisha mfupa wa mtulinga uliotoka. Basi alipokutana na shingo iliyoteguka, kishawishi kilikuwa mikononi mwake. Mfupa umetoka, mifupa iliyotoka hurudishwa, kwa nini asijaribu? Hakujaribu, wala hakumwagiza mwanafunzi wake ajaribu.

Kizuizi hicho si kitu kidogo. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye, Wagiriki wa zama za Hippocrates walikuwa wakiwafunga watu wenye migongo iliyopinda kwenye ngazi na kuwatikisa kutoka juu, na mwandishi wa kitabu chao cha viungo analalamika kwamba baadhi ya matabibu walifanya hivyo kwa ajili ya kuvuta umati. Siku hizi pingili ya shingo iliyohama hurudishwa, lakini kwa koleo zinazoshikiliwa kwenye mfupa wa fuvu na mizani ya uzito inayoongezwa polepole, huku picha zikipigwa hatua kwa hatua. Koleo za Crutchfield za aina hiyo zilianza kutumika miaka ya 1930. Bila picha, bila koleo na bila kujua ndani kuna nini, kuacha kulikuwa kufanya vizuri kuliko vyote vilivyowezekana.

Tena hakuna azima, yaani maneno ya uganga ya kusomewa mgonjwa. Hapa ndipo ningetarajia kuikuta. Dhana ya kawaida ni kwamba Mmisri alipoishiwa na dawa alikimbilia maneno ya uganga, na ni kweli kwamba tabibu, kuhani wa mungu wa kike Sekhmet na mtaalamu wa hirizi walifanya kazi katika uwanja mmoja. Nyuma ya gombo hili hili ziko azima nane za kukinga tauni ya mwaka. Lakini katika visa 48 vya mbele azima imo mahali pamoja tu, Kisa cha 9, kwa mtu aliyepasuka paji la uso, naye anatiwa pia dawa ya yai la mbuni lililosagwa pamoja na mafuta. Huyo hakukatiwa tamaa. Kwa hiyo azima iliwekwa palipokuwa na tumaini, na pale tumaini lilipokwisha mwandishi hakuweka kitu. Inawezekana kabisa kwamba jamaa wa mgonjwa walitoka hapo wakaenda kwa kuhani, na sina sababu ya kuwashangaa.

Mwandishi aliyajua kwa kiasi gani yale aliyoyaona? Wapo wanaosema kwamba gombo linathibitisha Wamisri waligundua kazi ya ugwe wa mgongo. Huko ni kuwavika kanzu isiyo yao. Maarifa yao ya mwili yalijengwa juu ya mirija iliyoitwa metu, itokayo moyoni na kupita kila mahali, ikichukua damu, hewa, mkojo, manii na vingine; mishipa ya damu, neva na kano zote zilihesabiwa humo. Ubongo wa marehemu ulitolewa na kutupwa wakati wa kumhifadhi maiti, huku moyo ukiachwa kifuani kwa heshima. Mwandishi wa Kisa cha 31 anafunga uhusiano kati ya pingili ya shingo na vidole vya miguu, na anaufunga sawasawa, lakini hasemi ni kitu gani kinachopita kati yake. Nafikiri hilo linamzidishia sifa. Alikuwa na nadharia ya metu mkononi ambayo ingeweza kueleza lolote kwa maneno mengi, na katika ukurasa huu hakuitumia.

Kuhusu hukumu yenyewe, wasomaji wengine huiona ni ukatili, mtu kuambiwa habari yake imekwisha. Historia ya baadaye haiungi mkono lawama hiyo. Tarehe 21 Oktoba 1805, katika vita vya Trafalgar, Admirali Nelson alipigwa risasi iliyopita begani ikavunja uti wa mgongo kifuani. Alimweleza daktari wake, William Beatty, kwamba hana hisi wala nguvu chini ya kifua, na Beatty akamjibu kwamba hakuna linaloweza kufanyika. Alikufa saa chache baadaye. Jeraha lake lilikuwa chini kuliko la Kisa cha 31, daktari alikuwa na elimu ya mwili ambayo Mmisri hakuwa nayo, na hukumu ilikuwa ile ile. Hata katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi waliovunjika uti wa mgongo walikufa ndani ya majuma au miezi michache.

Mabadiliko yalikuja Februari 1944, daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo cha majeraha ya mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, na hayakuletwa na dawa ya kuunga ugwe, kwa kuwa dawa hiyo haijapatikana hata sasa. Yaliletwa na uuguzi: kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili usiku na mchana ili asipate vidonda vya kulalia, kuangalia kibofu kisioze kwa maambukizi, na kumfanyisha mazoezi.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa Kisa cha 31. Mwandishi alikuwa na lugha ya uuguzi. Katika Kisa cha 6, fuvu lililopasuka hadi ubongo kuonekana, hukumu pia ni ya kutotibu, na bado anaagiza jeraha lipakwe mafuta wala lisifungwe. Katika cha 8 anaagiza mgonjwa aliyekatiwa tamaa akalishwe mpaka rangi imrudie na ijulikane kwamba amefika mahali pa kukata shauri. Wote hao wawili hawatibiwi na wote wanaangaliwa. Mwenye shingo iliyoteguka hakuachiwa hata hilo, na sababu yake naiona ndani ya orodha ya dalili zenyewe: zote ni za saa na siku za mwanzo. Viungo kukakamaa na kurukaruka vyenyewe, vidonda kwenye makalio na visigino, homa ya mkojo uliooza, yote yanayompata mtu wa namna hii akiishi majuma kadhaa, hayamo hata kwa neno moja, wala mnakili aliyekuja baadaye hakuyaongeza katika ufafanuzi wake.